Mbegu Nilizotoboa

Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kununua dagaa, na msichana mmoja anayeuza mapambo akanishika mkono bila kuniuliza. Alinivika bangili ya mbegu nyekundu, kila mbegu na doa lake jeusi. "Dada, angalia vile inakupendeza," alisema. Nilivuta mkono kwa nguvu hata uzi ukakatika. Mbegu zikatawanyika chini. Nilipiga magoti nikaziokota moja moja, hadi chini ya meza ya muuza nyanya, na watu wakaanza kucheka.

"Ni mbegu tu, dada, apana zahabu!" msichana alisema.

Nilimlipa, nikaondoka nazo zote, nikazitupa chooni. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Ninyi mliokulia pamoja nami mitaa ya kaskazini ya Bujumbura mnaujua ule mti, hata kama hamkuwahi kuuliza jina lake. Kwetu tuliuita umurinzi. Si mti mkubwa. Wa kwetu ulizidi bati la jiko kidogo tu, shina lake limepinda, ganda nene lenye nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Ulikuwa na miiba mifupi kwenye matawi na hata kwenye vijiti vya majani. Majani yalitoka matatu matatu. Kiangazi uliyaangusha yote ukabaki kama mti uliokufa, kisha kabla jani moja halijarudi ulitoa maua mekundu, yamesimama wima kwenye ncha za matawi. Ndege wadogo wenye midomo iliyopinda walikuja kunyonya humo asubuhi. Baada ya maua yalikuja maganda yenye manyoya ya kahawia, yamebanwa kati ya mbegu na mbegu kama kamba yenye mafundo. Yalikauka, yakapasuka, lakini mbegu hazikuanguka mara moja. Zilishikilia ukingo wa ganda zikabaki hapo siku nyingi, nyekundu, na lile doa jeusi. Mimi niliziona kama macho.

Aliyeuleta ni Bibi, mama yake Baba. Alipokimbia kutoka kwao milimani, karibu na msitu, alitembea hadi mjini akijisaidia na gongo bichi la umurinzi alilolikata njiani. Alipofika kwetu, mtaa wa Cibitoke, alilichomeka kwenye kona ya uwanja, akaingia ndani kulala. Likaota. Ndivyo mti ule ulivyo, tawi nene ukilichomeka udongoni linatoa mizizi lenyewe. Bibi alikuwa na sheria zake juu ya mti huo. Haukatwi, hauchomwi, na mbegu zake si za kuchezea. Zamani, kabla ya kanisa, wazee wa kwao walifanya ibada zao chini yake. Bibi alikuwa amebatizwa na alisali rozari kila siku, lakini kuni za umurinzi hazikuingia jikoni kwake. Siku makaa yalipokosekana mtaa mzima, Mama aliyatupia macho matawi makavu ya pale kwenye kona.

"Apana," Bibi alisema. "Afazali tutafune maharagwe mabichi."

Mimi niliyachukua maneno hayo kwa akili ya mtoto wa miaka minane. Nilidhani mti unaona. Nilidhani unazijua mbegu zake kwa idadi, na kwamba anayechukua moja atafuatwa hadi irudishwe.

Ulikuwa wakati ule wa vita ambapo barabara ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Asubuhi watu walikwenda kazini, mchana vijana walipanga mawe na magurudumu barabarani, na aliyebaki upande usiokuwa wake alijijua mwenyewe. Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Siku zikiwa mbaya alilala kule kule juu ya magunia, na sisi tulibaki watu wanne: Mama, Bibi, mimi, na mdogo wangu Dodo, ambaye hakuwa bado na miaka mitatu. Mama aliweka fimbo nyuma ya mlango. Hakuwa mtu mkatili. Alitaka tuitike mara moja, kwa sababu mtoto anayechelewa kuitika siku ya risasi anaweza kufa, na hakujua njia nyingine ya kutufundisha. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchelewa. Maneno yalinikaa kooni. Nilichapwa mara nyingi zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa kusema uongo.

Mwaka huo nilikuwa nikijifunza katekisimu ili nipokee komunyo ya kwanza. Katekista wetu alitaka kila mtoto aje na rozari yake. Duka lililoziuza lilikuwa limeporwa. Wenzangu walipewa za shangazi zao, na mimi niliona haya kuomba ya Bibi, maana haikumtoka mkononi. Basi nikaanza kuokota mbegu chini ya umurinzi. Bibi alipolala mchana, niliitia spoki ya gurudumu la baiskeli kwenye makaa ya mbabura, jiko letu la mkaa, ikawa nyekundu, nikatoboa. Mbegu ile ni ngumu kama jiwe. Ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya maharagwe yaliyoungua. Nilitoboa mbili au tatu kwa siku, vidole vikaungua, nikavificha. Nilizitunga kwenye uzi wa nailoni na kuzilaza ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Nilijua ninafanya makosa mawili kwa mara moja. Mti wa ibada za zamani nilikuwa nikiufanya rozari ya Bikira Maria, na sikumwambia mtu. Nilipanga kuja kumwomba mti msamaha baadaye, baada ya komunyo.

Asubuhi ninayotaka kuieleza ilikuwa tulivu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na uwanja ulinukia udongo. Nilikuwa ninaosha sahani nikamsikia Mama akipiga kelele. Alikuwa amempata Dodo chini ya umurinzi, mdomo wake umevimba upande mmoja. Alimtia kidole kinywani akatoa mbegu moja nyekundu.

"Mama! Kuya haraka!" alimwita Bibi. "Huyu mutoto anakula sumu!"

Bibi alikuja akijifunga kitenge. Aliichukua ile mbegu, akaipangusa mate, akaigeuza geuza juani karibu na jicho lake zuri, lile moja lililobaki linaona. Kisha akapumua.

"Hii ni nzima," alisema. "Angalia, hata jino halikuishika. Kama amemeza zingine zitatoka vile ziliingia. Hata ndege wanazimeza. Ganda lake ni kama chupa iliyofungwa."

"Na kama alizivunja?"

"Na meno gani? Meno ya maziwa? Mi mwenyewe siwezi kuzivunja, na niko na meno ya kuvunja mifupa."

"Mama, we uko na meno matatu."

"Ni hayo matatu."

Walicheka, Mama kwa kuchoka tu. Bibi akaendelea, sasa bila kucheka. "Kama iko imevunjika, hiyo ni kitu kingine. Nyumbani mbuzi wetu mmoja alikula zile zilipondwa kwenye kinu. Hakulia. Alilala kama amechoka. Shingo ikalegea, miguu ikalegea, mwisho kifua." Alinigeukia. "Goreti, we ulimuona? Alimeza ngapi?"

Nikatikisa kichwa. Ilikuwa kweli, sikuwa nimeona chochote.

Niliingia ndani kuchukua kitambaa cha kufutia sahani, na ndipo nilipoliona kopo. Lilikuwa katikati ya chumba, limelala ubavu. Uzi ulikuwa umetafunwa. Nilizihesabu mara tatu, kwa sababu nilikuwa nimeshafika ishirini na nne na nilijua hesabu yangu. Zilibaki kumi na saba.

Nikiwa bado nimepiga magoti, sauti ya Mzee Hamadi ilisikika kwenye ua. Alikuwa jirani yetu, fundi wa baiskeli, Mwislamu aliyezaliwa mjini, na kwa kuwa pande zote mbili za vita zilitengenezewa baiskeli kwake, alipata habari kabla ya redio.

"Mama Goreti! Kama kuna mwenye ana kazi Mutakura ama mujini, aende saa hizi. Barabara iko wazi hadi saa sita. Kisha vijana banafunga, na leo apana mchezo."

"Asante, Mzee Hamadi. Sisi hatuna pa kwenda leo."

Nilisimama mlangoni na kopo limefichwa nyuma ya mgongo. Mutakura ndiko alikokuwa muuguzi mmoja mwenye dispanseri ndogo nyumbani kwake. Ni mwendo mfupi. Nilifungua mdomo. Mama aliniona akasema, "Nini? Sema." Nikaona fimbo nyuma ya mlango, karibu na bega lake. Nikafunga mdomo. "We mutoto, siku moja inzi ataingia humo," alisema, akanipita.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Nilimfuata Dodo kila mahali. Alicheza, alikula ugali, alinivuta nywele. Nilianza kuamini kwamba shimo dogo kama lile nililotoboa kwenye mbegu haliwezi kuwa na maana.

Saa sita ilipopita tulisikia mawe yakiburutwa barabarani, kisha filimbi, kisha risasi ya kwanza. Tuliingia chumba cha katikati, kile kisicho na dirisha la barabarani, tukalala sakafuni kama tulivyozoea. Siku zote Dodo ndiye aliyekuwa taabu yetu. Alilia kwa kila mlio, na Mama alimziba mdomo kwa kiganja hadi mimi nikaogopa atamnyima hewa. Siku ile hakulia. Risasi zilipiga karibu hata vumbi la dari likatudondokea, na yeye alilala tu juu ya kifua cha Mama, macho nusu yamefungwa.

"Mungu asifiwe," Mama alinong'ona. "Leo mutoto ametulia. Angalia, Mama, amekuwa mwanaume."

"Amezoea," Bibi alisema. "Hata watoto wanazoea."

Walimsifu. Mama alimbusu kichwani. Mimi nilinyoosha mkono nikaweka kidole changu ndani ya kiganja chake, kwa sababu Dodo alikuwa na tabia ya kukishika kidole na kukataa kukiachia. Vidole vyake havikufunga. Nikavikunja mwenyewe juu ya kidole changu, vikafunguka tena.

Hapo nilijua. Na hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika, na jambo hili sijawahi kulieleza vizuri hata kwangu mwenyewe. Fimbo ilikuwa imetoka kichwani kabisa. Nilimwangalia Mama. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na alikuwa akitabasamu. Nikafikiri: nikisema, atasimama. Atamfunga Dodo mgongoni, atafungua mlango, na nje wako wale watu. Nilimwona tayari amelala kwenye mtaro wa maji. Nikamwangalia Dodo. Nikamwangalia Mama tena. Bibi alikuwa ameanza rozari yake kwa sauti ya chini, na alifika fumbo la pili, la tatu, la nne, na mimi nilikuwa bado nimenyamaza.

Kisha nikapata wazo ambalo lingewaokoa wote wawili. Kwa akili yangu, si sumu iliyokuwa ikimlegeza Dodo. Ni mti uliokuwa ukidai vyake. Kama ningeurudishia mbegu zake, ungemwachia. Nilijikunja, nikajivuta hadi mlango wa nyuma, nikatoka uwanjani na kopo.

Nje kulikuwa na jua la mchana, jua zuri tu. Hilo lilinishangaza. Nilitambaa kwa tumbo. Risasi moja iligonga bati la jiko ikatoa mlio mrefu, na maganda makavu ya umurinzi yakatikisika juu yangu. Nilichimba kwa vidole kwenye udongo laini chini ya shina, nikamimina mbegu zote, nikafukia. Moja ilinibaki imekwama kwenye kiganja chenye jasho. Niliomba kwa maneno ya katekisimu kwa sababu sikuwa na mengine. "Nimekosa mimi, nimekosa mimi." Niliyasema yakiwa yamechanganyikana na kikohozi cha vumbi. Mti haukufanya kitu. Sisimizi walikuwa wakipanda shina, mmoja nyuma ya mwingine, kama siku yoyote.

Niliporudi ndani Mama alinishika nguo akanivuta chini. "Unatoka wapi? Unataka kuniua?" Nilimtazama Dodo. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka nyuma ya mkono wa Mama kama kichwa cha kuku aliyechinjwa, na kifua chake kilipanda polepole, kikapumzika, kikapanda tena.

Mti ulikuwa umekataa. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Sikuweza kusema hata wakati ule. Niliufungua mkono wa Bibi, ule uliokuwa na rozari, nikaiweka ile mbegu moja juu ya kiganja chake.

Bibi aliacha kusali. Aliipeleka karibu na jicho lake zuri, akaigeuza, na mwanga wa mlangoni ukapita kwenye tundu. Aliniangalia kwa muda mfupi sana.

"Ngapi?"

"Saba."

"Wakati gani?"

"Asubuhi."

Mama alikuwa ameshasimama. Alimfunga Dodo mgongoni kwa kitenge, akamfunga tena kitenge cha pili shingoni ili kichwa kisianguke. Bibi aligonga ukuta wa upande wa Mzee Hamadi mara tatu, na mzee akatokea kwenye pengo la ua akiwa ameinama. Bibi alimweleza kwa maneno machache. Mzee hakusema kwamba haiwezekani. Alirudi kwake akaleta mtandio mweusi wa mke wake, akamfunika Mama kichwa hadi kwenye nyusi.

"Sikiliza, Mama Goreti. Tunapita nyuma ya nyumba hadi kwa muuza mkaa, kisha kuna bariyeri moja ya vijana barabarani, apana namna ya kuikwepa. We ni mukwe wangu, unatoka Buyenzi kwa Waislamu wenzetu, mutoto iko na malaria. Wakikuamkia sema aleikum salaam. Usiongeze kitu. Usijaribu kusema Kiarabu."

"Nitajaribu namna gani? Sijui hata kimoja."

"Ndiyo vizuri. Na ile musalaba, itoe shingoni."

Mama aliutoa msalaba wake akauweka mkononi mwangu. Hakuniangalia. Walipita pengo la ua, na nikaona visigino vyake tu chini ya mtandio wa mtu mwingine.

Mzee Hamadi alirudi peke yake baada ya saa kama mbili. Alisema walivuka bariyeri, lakini barabara ya kurudi ilikuwa mbaya na Mama amebaki na mtoto kwa muuguzi. Hakujua zaidi. Siku hiyo ikaisha, na ya pili ikaisha. Bibi hakunigombeza. Alipika, alinipa chakula, aliketi mlangoni. Mimi nilisikiliza kila hatua ya mtu barabarani. Kila hatua niliipa jina la Mama, na kila hatua ilipita.

Siku ya tatu asubuhi, barabara ilipofunguliwa, walirudi. Dodo alikuwa mgongoni, macho wazi, shingo yake bado haina nguvu, akilia kwa sauti nyembamba kwa sababu alitaka chai. Muuguzi alikuwa amemnywesha maji ya mkaa uliosagwa na kumshikilia kidevu usiku kucha ili hewa ipite, yeye na Mama kwa zamu. Alisema wangechelewa kidogo tu zaidi kusingekuwa na cha kushikilia. Pale kwenye bariyeri, Mama alieleza, kijana mmoja alimtazama miguu muda mrefu, kisha akamtazama mtoto, akasema, "Pita, mama, pita haraka." Mama hakujua ni kwa nini, wala sisi hatukujua.

Alikaa kwenye kigoda uwanjani, akavua mtandio, akaukunja vizuri kwa ajili ya kuurudisha. Kisha akaniita. Nilikuja mara moja. Nilidhani atanichapa, na nilitaka anichape.

"Ulijua tangu asubuhi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Barabara ilikuwa wazi. Mzee Hamadi alisimama hapa, akasema iko wazi."

"Ndiyo, Mama."

Alimfungua Dodo mgongoni, akampakata. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Na mchana, wakati tulilala pale chini. Mutoto iko anaisha mikononi yangu, na we unaangalia. Goreti, uliniogopa mimi hivyo? Fimbo yangu ni mbaya kuliko ile yote ya inje?"

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia kwamba mchana ule, kwa mafumbo manne ya rozari ya Bibi, nilikuwa nimewapima wawili, yeye na Dodo, na kwamba nilikuwa nimeshamchagua yeye. Alikuwa amemshika Dodo magotini. Dodo alikuwa amekishika kidole cha Mama.

"Ndiyo, Mama," nilisema. "Nilikuogopa."

Aliinuka, akaichukua fimbo nyuma ya mlango, akaivunja vipande na kuitia motoni. Hakunichapa tena maisha yake yote. Hata alipokuwa mgonjwa, mwishoni, alinishika mkono akaniomba msamaha kwa ajili ya fimbo ile, na Dodo alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, mwanaume mzima, akimpepea.